Mashine na Ngozi ya Mwanadamu

(Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa sherehe za miaka kumi, Singida)



Siku hii Chama chetu Kikuu kimetimiza miaka kumi tangu kuandikishwa. Desturi ya siku kama hii ni Katibu kusimama na kuhesabu: magunia mangapi yalipokelewa, mafuta kiasi gani yalikamuliwa, akiba imefikia wapi. Hesabu hizo zote zimepigwa chapa katika kijitabu mlicho nacho mikononi, nami sina haja ya kuwachosha kwa kuzirudia. Leo naomba ruhusa yenu niseme juu ya jambo moja lisiloonekana popote katika hesabu zetu za miaka kumi, nalo ni ngozi.

Najua baadhi yenu mmedhani nataka kusema habari za ngozi za ng'ombe na mbuzi, kwa kuwa sisi watu wa Singida tu wafugaji tangu zamani. Sivyo. Ngozi za ng'ombe na mbuzi tunajua kuzipima, kuzipanga daraja na kuziuza. Ngozi ninayoisemea haina daraja wala bei sokoni: ni ngozi ya mwanachama na ya kibarua wake, asimamapo kando ya mashine.

Kila mtu apitaye barabara kuu ya kutoka Manyoni kuja Singida, au ya kutoka hapa kuelekea Shelui, huona madumu na chupa za mafuta ya alizeti zimepangwa kando ya njia. Mafuta hayo ni sifa ya mkoa wetu. Lakini hayakujikamua yenyewe. Nyuma ya kila dumu iko mashine ya kupura, kiko kinu cha kukamua, iko injini, uko mkanda uzungukao, na kando ya mkanda yuko mtu. Wazee wetu walipura kwa fimbo. Fimbo ikimpiga mtu, aliyeishika ataona haya na kuomba radhi. Mashine haioni haya. Basi, maadamu tumeikaribisha mashine kati yetu, hatuna budi kuuliza imeingia kwa masharti gani.

Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla ya kuja katika Chama Kikuu, nilikuwa karani wa chama kimoja cha msingi ambacho sitakitaja jina. Ulikuwa msimu wa kupura alizeti. Mashine yetu iliendeshwa kwa mkanda. Mkanda wenyewe ulikuwa mlaini na mkuukuu, nao ulikatika katika juma la kwanza la msimu. Fundi akauunga kwa vifungo vya chuma, kama ilivyo desturi, na ncha za vifungo hivyo zikatokeza upande wa nje. Kinga ya wavu iliyokuja pamoja na mashine ilikuwa imefunguliwa ili mkanda uungwe upesi. Ikaegemezwa ukutani, na haikurudishwa.

Kijana mmoja aliyekuwa akilisha mashine aliinama kuokota kichwa cha alizeti kilichoanguka. Mkono wake ukagusa mkanda. Mguso huo ulikuwa mfupi kuliko kupepesa jicho. Hakushikwa, hakuvutwa, wala mfupa haukuvunjika. Lakini vile vifungo vilipita juu ya kigasha chake, yaani kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kama meno ya msumeno, vikaondoa ngozi yenye upana wa kiganja cha mtu mzima.

Tulifanya nini? Tulimpa pole, na wengine wakacheka kidogo, wakisema mwanamume haogopi mchubuko. Mmoja wetu akampaka oili ya mashine. Akafungwa kitambaa, akarudi kazini. Jioni nikafungua daftari, nikaandika magunia yaliyopurwa, lita za dizeli zilizotumika, na bei ya vifungo vya mkanda. Habari ya mkono sikuiandika.

Siku ya nne mkono ulivimba ukawa wa moto. Siku ya sita alipelekwa hospitali akiwa na homa kali. Alilazwa siku kumi na nane, na waganga wakampasua ili kutoa usaha. Alipona, lakini kovu lilijikunja, na hata leo hawezi kuunyosha mkono ule sawasawa. Mama yake na baba yake mdogo walipokuja ofisini kuomba msaada wa gharama, Kamati iliniuliza kijana huyo aliumia lini, na kwa mashine gani. Nikafungua daftari, nikasoma bei ya vifungo. Zaidi ya hapo sikuona kitu. Wakatokea watu waliosema kwamba pengine aliumia kwao shambani. Mama yule hakupaza sauti. Aliuliza tu iwapo vifungo vya mkanda vilikuwa na thamani kuliko mkono wa mwanawe, hata vikaandikwa vyenyewe peke yake. Sikuwa na jibu.

Tulimchangia fedha kidogo. Mchango ule ulikuwa sadaka, wala haukuwa haki, kwa maana haki yataka ushahidi, na ushahidi nilikuwa nimeuacha mimi nje ya daftari.

Bwana Mwenyekiti, elimu yangu ni ya sekondari tu, wala mimi si mhandisi. Lakini tangu siku ile nimesoma kila nilichokipata juu ya mashine na miili ya watu, na katika kusoma huko nilikutana na habari zilizonishangaza, nazo ndizo nataka kuwagawia leo.

Mmesikia habari za roboti. Neno hilo lilienea duniani kutoka katika mchezo wa kuigiza ulioandikwa na Karel Čapek, mtu wa Kicheki, mwaka wa 1920, nalo latokana na neno la kwao lenye maana ya kazi ya shokoa. Roboti ya kwanza ya kiwandani iliwekwa kazini mwaka wa 1961 katika kiwanda cha General Motors, jimbo la New Jersey, Marekani. Ilikuwa mkono mkubwa wa chuma, wenye nguvu nyingi, usioona wala usiohisi chochote. Kwa hiyo roboti za namna hiyo zilifungiwa ndani ya ua, kama afungiwavyo fahali mkali. Hata hivyo ajali zilitokea. Tarehe 25 Januari, 1979, katika kiwanda cha Ford huko Flat Rock, jimbo la Michigan, mfanyakazi mmoja kijana, Robert Williams, alipanda kwenye rafu za ghala ili kutoa vipande vya vyuma. Mkono wa roboti ukaja nyuma yake, ukampiga kichwani, akafa.

Baadaye wataalamu walitafuta njia nyingine. Mwaka wa 1996 maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, J. Edward Colgate na Michael Peshkin, walibuni mashine iliyokusudiwa kufanya kazi bega kwa bega na mtu, bila ua kati yao. Mwaka wa 2008 kampuni ya Universal Robots, iliyoko katika mji wa Odense, Denmark, ikauza mkono wake wa kwanza wa aina hiyo. Leo mikono kama hiyo iko katika viwanda vingi duniani. Yafunga skrubu, yapanga maboksi, yamshikia fundi kitu kizito huku yeye akikikaza. Nayo imeitwa kwa jina ambalo kwa lugha yetu ni roboti mshirika.

Wanaushirika wenzangu, jina hilo lilinishtua. Mshirika! Sisi hapa twajua maana ya neno hilo. Mtu hawi mshirika kwa kusimama karibu nasi tu. Anaomba, anasomewa masharti, anayakubali, na akiyavunja anaonywa au anatolewa. Nikajiuliza: mashine hii iliyoitwa mshirika imesomewa masharti gani? Wala msidhani kwamba mambo haya yako mbali nasi. Mwezi wa Mei, 2020, wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, jirani zetu wa Rwanda walipokea roboti tano mjini Kigali, zikapelekwa kupita kati ya watu na kupima joto la miili yao ili wauguzi wasilazimike kuwakaribia wagonjwa kila mara. Zile hazikuwa mikono ya kiwandani, lakini ni mashine zilizotembea katikati ya watu. Kilichofika Kigali chaweza kufika Singida.

Basi, masharti yenyewe nimeyapata. Mwaka wa 2016 Shirika la Kimataifa la Viwango, lijulikanalo kwa herufi ISO, lilitoa waraka uitwao ISO/TS 15066, na mwaka wa 2025 mambo yake yaliingizwa katika kiwango kikuu cha roboti za viwandani, ISO 10218. Waraka huo ulitaja njia nne za mashine na mtu kufanya kazi pamoja. Ya kwanza, mashine isimame mtu aingiapo mahali pake, na isiondoke mpaka atoke. Ya pili, mashine iende kwa kuongozwa na mkono wa mtu mwenyewe. Ya tatu, mashine ipime umbali wa mtu. Kadiri anavyokaribia ipunguze mwendo, na akikaribia mno isimame. Ya nne, nguvu ya mashine iwekewe mpaka, ili hata ikimgonga mtu isimjeruhi.

Ni hiyo ya nne niliyoitafakari sana. Wataalamu walijua kwamba mtu na mashine wakikaa pamoja kutwa, siku moja watagongana. Hawakujidanganya. Waliuliza swali hili: wakigongana, ngozi ya mtu yaweza kustahimili kiasi gani? Na ili kulijibu walikwenda kumwuliza mtu mwenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, walipimwa watu wazima 100 wenye afya, katika sehemu 29 za mwili: paji la uso, bega, kifua, kiwiko, kiganja, kidole, paja, goti, na nyinginezo. Kila sehemu iligandamizwa polepole, na mgandamizo ukaandikwa pale mtu aliposema kwamba hisia ya kuguswa imegeuka kuwa maumivu. Vipimo hivyo ndivyo vilivyokuwa msingi wa mipaka ya mgandamizo iliyomo katika waraka.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa kuwa hapa ndipo penye kiini cha hotuba yangu. Wenzetu hawakuweka mpaka pale mfupa unapovunjika. Hawakuuweka hata pale damu inapotoka. Waliuweka pale maumivu yanapoanza, ngozi ikiwa bado nzima. Na sisi je? Katika mashine zetu za kupura na vinu vyetu vya kukamua, mpaka wetu uko wapi? Nasema kwa haya kwamba sisi tumeuweka penye mfupa. Mtu akivunjika au akikatwa kidole, twaitisha mkutano. Akichubuka, twacheka. Kijana wangu wa kigasha aliumia katika nafasi hiyo pana iliyoko kati ya mpaka wao na mpaka wetu.

Tena waraka ule unatofautisha migongano ya namna mbili. Uko mgongano wa kupita, ambapo mkono wa mashine unamgonga mtu naye ana nafasi ya kurudi nyuma. Na uko wa kubanwa, ambapo kiungo kimenaswa kati ya mashine na kitu kisichosogea, mathalani meza au ukuta. Kubanwa ndiko kubaya zaidi, na kwa hiyo mpaka wake ni nusu ya ule wa kupita. Kwa mkono na vidole, nguvu ya kubana imewekewa mpaka wa nyutoni 140, yaani karibu na uzito wa kilo 14. Usoni na kichwani mashine haikuruhusiwa kugusa kabisa. Nanyi fikirini jinsi mwendesha kinu chetu anavyoinamisha uso juu ya mdomo wa kinu ili kutazama kama mbegu zinashuka.

Nguvu peke yake si habari yote. Mtu akikukanyaga kwa kandambili huenda usiseme neno. Akikukanyaga kwa kiatu chenye kisigino chembamba utapiga kelele, ijapokuwa uzito wake ni ule ule. Mgandamizo ukitawanyika juu ya mahali papana ngozi huuvumilia. Ukikusanywa penye ncha ngozi hupasuka. Kwa sababu hiyo mikono ya roboti mshirika hutengenezwa ya mviringo, isiyo na pembe kali, na mingine huvikwa kitu laini. Na kwa sababu hiyo hiyo wataalamu wanaonya kwamba mkono huo haufai kuitwa salama kabla ya kutazamwa kile ulichokishika. Mkono mpole ulioshika kisu ni kisu; ulioshika bati lenye makali ni bati. Niliposoma maonyo hayo niliukumbuka mkanda wetu. Mkanda ulikuwa mlaini. Vifungo vyake ndivyo vilivyokuwa kisu.

Yafaa sasa niseme kidogo juu ya ngozi yenyewe, ili tujue tunalinda nini. Ngozi ina tabaka. La juu ni jembamba na halina mishipa ya damu. Kazi yake ni kuzuia uchafu na vijidudu, na kuhifadhi maji ya mwili. Chini yake iko ngozi halisi, yenye mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, mizizi ya nywele na tezi za jasho. Chini yake tena liko tabaka la mafuta, lililo kama godoro. Mashine ikimgonga mtu kwa upande butu, mishipa midogo hupasuka ndani na damu huvilia bila ngozi kufunguka. Ikimkwaruza, tabaka la juu huondoka, na huo ndio mchubuko. Ikimgonga kwa makali, ngozi hupasuka mpaka chini. Na kama mkanda au shafti inayozunguka ikimnasa na kumvuta, ngozi yaweza kuvuliwa kutoka mwilini kama soksi ivuliwavyo mguuni. Jeraha la namna hiyo ni baya mno, na laweza kumpotezea mtu kiungo hata kama mfupa ni mzima.

Mchubuko twaudharau kwa kuwa hautoi damu nyingi. Lakini mchubuko mpana ni mlango uliovunjwa. Katika ua wa kupuria kuna vumbi, udongo na samadi, na katika udongo na samadi ndimo vinamokaa vijidudu vya pepopunda. Vikiingia katika jeraha vyaweza kukaa kimya siku chache, au hata majuma matatu, kabla ugonjwa haujajionyesha, na wakati huo watu wamekwisha kulisahau jeraha. Kwa hiyo, mtu akichubuka, jeraha lioshwe mara moja kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Kama damu yatoka, ikandamizwe kwa kitambaa safi mpaka ikome. Kisha lifunikwe, na mtu aende zahanati akaulizwe habari ya chanjo ya pepopunda. Asipakwe oili, wala majivu, wala udongo, wala kinyesi cha ng'ombe. Na kama baada ya siku moja au mbili mahali hapo panavimba, panakuwa pa moto, au wekundu waenea, asingoje mwisho wa msimu.

Bwana Mwenyekiti, nasikia tayari sauti ya mtu akinong'ona kwamba Katibu amelinganisha Denmark na Singida, na kwamba mashine zetu si roboti. Ndugu yangu, umesema kweli, na ukweli huo waniunga mkono. Roboti mshirika ina vipimo ndani ya viungo vyake. Ikihisi imegusa kitu husimama. Mashine yetu ya kupura haina hisia hata moja. Ukiupa mkanda wake alizeti au ukiupa mkono wa mtu, kwake ni mamoja. Kama mashine yenye kuhisi imewekewa masharti makali namna ile, je, isiyohisi tuiachie huru? Tena wale watu 100 wa Mainz walikuwa watu wazima wenye afya. Katika ua wetu wa kupuria huja wazee, huja mama aliyebeba mtoto mgongoni, na watoto huja kuokota mbegu zilizomwagika. Ngozi zao hazikupimwa na mtu yeyote.

Mwingine atasema kwamba kinga inachelewesha kazi. Hilo nalijua, maana nimefanya kazi hiyo. Kinu kikiziba mashudu, fundi anataka kukifungua upesi, na kinga iliyofungwa kwa bolti sita itaishia kuegemezwa ukutani kama ile yetu. Lakini dawa yake si kuiondoa kinga. Ifungwe kwa bawaba na komeo, ifunguke kama dirisha na kufungwa kama dirisha. Fundi yeyote wa kuchomelea hapa mjini aweza kuitengeneza kwa wavu na vyuma vichache.

Wala si jambo la hiari tu. Tangu Sheria ya Viwanda ya mwaka wa 1950, nchi hii imetaka sehemu za hatari za mashine zizungushiwe kinga. Sheria ile ilifuatwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Tena uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, ili mfanyakazi aliyeumia kazini asipewe sadaka bali fidia. Lakini kibarua ambaye jina lake halimo katika orodha yoyote, na jeraha lake halimo katika daftari lolote, atathibitishaje kwamba ni mfanyakazi, na kwamba aliumia kazini? Mlango wa haki umefunguliwa. Sisi makarani ndio tunaoshika ufunguo, na ufunguo wenyewe ni kalamu.

Kwa hiyo naleta mbele ya Mkutano huu maombi manne, yawe masharti ya kila mashine katika vyama vyetu vya msingi, kama masharti yanavyosomwa kwa mwanachama mpya.

Kwanza, mashine yoyote ya mkanda, puli au shafti isiwashwe bila kinga yake kuwa mahali pake. Kinga iwe ya bawaba, na mkanda ulioungwa usiwe na ncha ya chuma iliyotokeza.

Pili, uchorwe mstari wa rangi kuizunguka mashine, na ndani ya mstari huo asiingie ila mwendeshaji na mlishaji. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, na shuka, kanga na mitandio isiyofungwa ibaki nje ya mstari, pamoja na watoto wote. Swichi ya kuzimia iwe mahali ambapo mlishaji aifikia bila kuhama asimamapo.

Tatu, mtu asitie mkono katika mashine iliyoziba mpaka injini imezimwa na magurudumu yamesimama kabisa. Na ufunguo wa kuwashia ukae katika mfuko wa yule yule anayetia mkono, wala usikae kwa mwingine.

Nne, kila chama kiwe na sanduku la huduma ya kwanza na daftari la majeraha. Humo uandikwe hata mchubuko mdogo: tarehe, jina, mashine, sehemu ya mwili, jinsi ilivyotokea, na yaliyofanyika. Daftari hilo lisomwe katika kila mkutano pamoja na hesabu za fedha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa hauwezi kuzibwa na mtu asiyejua uko wapi. Michubuko mitatu ya mashine moja katika mwezi mmoja ni barua inayotuambia mahali pa kuweka kinga kabla kidole hakijaenda.

Najua masharti haya yana gharama. Wavu wanunuliwa, sanduku lanunuliwa, na dakika za kuzima injini ni magunia machache pungufu kwa siku. Lakini twakumbuka kwa nini tuliungana miaka kumi iliyopita. Tuliungana kwa kuwa mkulima mmoja peke yake hakuweza kumkabili mnunuzi mwenye mizani yake. Mizani ile ilimpunja kilo zake. Haitakuwa na maana tumkinge mwanachama na mizani ya mnunuzi, kisha tumwache apunjwe mwili wake na mashine iliyonunuliwa kwa fedha zake mwenyewe.

Kijana niliyewaambia habari zake yumo humu ukumbini. Yeye sasa ni mtu mzima mwenye nyumba yake, naye amenipa ruhusa ya kueleza yaliyompata bila kumtaja jina. Juma lililopita nilimwonyesha daftari jipya la majeraha la Chama Kikuu. Katika mstari wa kwanza nimeandika ajali yake: mwezi, mwaka, mashine ya kupura, mkanda, vifungo vya kiungo, kigasha cha kulia, kinga haikuwapo. Katika safu ya mwisho, penye kuulizwa kwa nini taarifa ilichelewa, nimeandika kwamba karani hakuiandika, nikatia sahihi yangu. Aliusoma mstari ule mara mbili, akanirudishia daftari, akaniambia kwamba tarehe niliyoiweka imekosewa kwa siku mbili. Nimeisahihisha.

Bwana Mwenyekiti, naomba maombi haya manne yajadiliwe leo kabla hatujaondoka, na kama Mkutano utaridhika, yaandikwe katika kumbukumbu. Nawatakia wanachama wetu wote, wa Iramba, Mkalama, Ikungi, Manyoni na Singida, msimu mwema na mikono mizima.